Mwaka Niliotafsiri Nusu

Mwalimu Byamungu alizikwa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, wiki tatu zilizopita, upande ule wa makaburi ulio juu kidogo, ambako udongo ni mgumu hata wachimbaji wakalazimika kupokezana sepeto. Mkewe, Nabintu, alinipigia simu asubuhi nikiwa naosha mchele nyumbani kwangu Nyamityobora. Hakuzungukazunguka. Alisema, "Solange, Mwalimu ameenda," kisha tukasikilizana pumzi mpaka salio lake likaisha. Msibani watu waliniomba niseme neno kwa kuwa nilikuwa nimemjua siku nyingi. Nilisimama nikasema kwamba alinifundisha Kifaransa nikiwa msichana mdogo, na kwamba alipopoteza macho aliwafundisha wasioona wenzake kutembea na kusoma, watu wa kambini na wa mjini bila kubagua. Nikaketi. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini nimejifunza zamani kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa ameficha jambo, na Nabintu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, aliinua uso akanitazama kidogo, kisha akauinamisha. Sikusema habari za mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Maisha yangu yote nimelishwa na kazi ya kusema maneno ya watu wengine. Haya ni ya kwangu.

Mwaka ule nilipata kazi ya ukalimani katika nyumba moja ya mtaa wa Kakoba, mjini, nyuma ya mafundi wa pikipiki, mahali ambapo injini zilijaribiwa tangu asubuhi mpaka jioni. Kila Jumatano gari lilitoka Nakivale na wagonjwa wa macho na wa masikio, wakalala pale, na Alhamisi nikawapeleka kwa madaktari. Wenye kuponeka walitibiwa wakarudi zao. Wasioponeka, nyumba ile iliwapokea tena kwa kazi nyingine. Chumba cha mbele kilikuwa cha wasioona. Walifundishwa fimbo nyeupe, kusoma kwa vidole, kuwasha jiko na kukunja nguo. Chumba cha nyuma kilikuwa cha viziwi, na humo hukusikia sauti ila vishindo, kwa maana walipotaka kuitana walikanyaga sakafu ya mbao ili mtetemo umfikie mwenzao miguuni. Jiko lilikuwa katikati ya vyumba hivyo viwili. Siku nyingine tulipika matoke na mchuzi wa karanga, lakini Jumatano, kwa heshima ya wageni, tulipika sombe, kisamvu cha kwetu, yenye mawese, na nimeona watu wazima walioshuka kwenye gari wakiwa wamekunja nyuso wakilainika kwa harufu ile kabla hawajaambiwa hata karibu.

Aliyeiongoza nyumba aliitwa Mama Kyomuhendo, Munyankore, mwenyeji wa mji ule, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyepoteza macho kwa surua akiwa mtoto. Kiswahili chake alikiokota katika nyumba za askari, alikoishi na marehemu mume wake, na alikisema kama mtu anayepanga watu mstari. Siku yangu ya kwanza alinikalisha jikoni akanimiminia kikombe cha bushera, uji wao wa mtama.

"Wewe najua Kingereza," alisema. "Najua Runyankore. Najua Swahili ya Kongo. Mzuri. Lakini sikiza. Katika chumba ya daktari wewe hapana muntu. Wewe mdomo tu. Daktari nasema kitu, wewe nasema ile kitu. Hapana ongeza, hapana punguza. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo ya haraka mimi hapana penda," akasema, na akaningoja ninywe bushera yote.

Mwalimu Byamungu aliletwa mwezi wa pili. Kule kambini alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, mtu mrefu mwenye mwandiko uliokuwa ukisifiwa, na sisi tuliopita mikononi mwake tulikuwa tukiiga hata herufi zake. Ugonjwa ulikuwa umemwingia polepole na yeye akauficha. Alianza kuwaita wanafunzi waandike ubaoni badala yake. Alianza kukariri kurasa nzima nyumbani ili darasani ashike kitabu tu. Halafu siku moja watoto wakagundua, na watoto wana ukatili wao: darasa zima likatoka nje kimyakimya, mmoja mmoja, viatu mkononi, naye akaendelea kufundisha viti vitupu mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kumshika mkono. Tangu siku ile hakurudi shuleni. Aliposhuka kwenye gari pale Kakoba na kusikia sauti yangu, uso wake ulifunguka.

"Solange? Ni weye? Mungu ni muzuri. Nilikuwa naogopa watanipa mutu nisiyemujua."

Chumba cha daktari wa macho kilikuwa kidogo na cha giza, pazia zito dirishani, na taa moja iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayezungumza Kiingereza kwa sauti ya chini. Alimpima Mwalimu muda mrefu. Alimwekea kidevu kwenye kibao, akammulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akarudia la kulia. Kisha akazima taa, akavuta kiti chake karibu kabisa na magoti ya Mwalimu, na kwa kitendo hicho cha kuvuta kiti nikajua. Aliniambia: "Mwambie presha ya ndani ya jicho imeua mishipa ya macho yote mawili. Hataona tena. Dawa ninayompa ni ya kuzuia maumivu, haiwezi kumrudishia macho. Mwambie pole sana. Na mwambie pale mnapokaa kuna darasa la fimbo, linaanza wiki ijayo. Aingie sasa. Anayeanza mapema huzoea mapema."

Nilifungua kinywa. Kabla sijatoa neno, Mwalimu alinigeuzia uso, akatabasamu kidogo kama mtu anayeomba radhi kwa kukatiza. "Solange, umuulize na hii. Nabintu iko na mimba. Miaka kumi na moja tulingoja, na sasa Mungu ametukumbuka. Mutoto atazaliwa mu mwezi wa saba. Umuulize dokta kama ile wakati nitakuwa nimeanza kuona."

Nimejiuliza mara nyingi kama ingekuwa tofauti angeuliza baada ya mimi kusema. Sijui. Najua tu kwamba neno "hataona" lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi wangu, na nililimeza. Nikasema, "Dokta anasema presha imeumiza macho sana. Anawapa dawa, mutie asubuhi na magaribi, musiache hata siku moja. Inaomba uvumilivu."

"Na mutoto? Nitamuona?"

"Tumuombe Mungu, Mwalimu."

Kila neno, likisimama peke yake, lilikuwa kweli. Presha ilikuwa imeumiza macho. Dawa ilikuwa ya kila siku. Uvumilivu ulihitajika kuliko kitu kingine chochote. Daktari aliniangalia. "Umemwambia yote?" aliuliza. "Mimi nimesema mengi, wewe umesema machache."

"Kiswahili chetu ni kifupi, daktari," nilijibu. Alitikisa kichwa, akaandika dawa, akamshika Mwalimu bega. Mwalimu akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru daktari kwa Kifaransa.

Mchana ule, mezani Kakoba, alikula bugali na sombe iliyobaki jana kama kijana. Aliwaambia wagonjwa wenzake, "Dawa ni ya polepole, lakini dokta amesema tusichoke." Mmoja wao alisema amina. Mama Kyomuhendo, aliyekuwa mwisho wa meza, aliacha kutafuna. Baada ya chakula aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kwa Runyankore daktari alikuwa amesema nini hasa. Nikamwambia. Akauliza kama nami nilimwambia Mwalimu hivyo hivyo. Nikasema ndiyo, nilimwambia, ila yeye anakataa kuamini. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Mama Kyomuhendo alivuta pumzi. Alisema wako wanaokubali kwa siku moja na wako wanaokubali kwa mwaka. Yeye si daktari, hawezi kumlazimisha mtu kulia. Akaenda kumkaribisha darasani kwa heshima. Niliwasikia kutoka jikoni, sufuria mkononi.

"Mwalimu, darasa naanza Jumatatu. Kuja."

"Asante, mama. Lakini ile ni ya bipofu. Mi siko kipofu, niko mugonjwa. Haiko kitu moja."

"Sawa. Siku wewe natayari, nakuja."

Dawa ilikwisha kila mwezi, na kila mwezi mgonjwa alitakiwa arudi kupimwa presha. Nikaona hatari hiyo mapema. Akija siku ambayo mimi sipo, mkalimani mwingine atasema lile neno. Kwa hiyo nilijitolea kumletea dawa mwenyewe. "Barabara ni mbaya, Mwalimu, na kiti cha gari kinahitajika na wengine; mimi nitawaletea." Akaniona mtu mwema. Nabintu akaniombea kanisani, mbele ya watu wote, kwa jina.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya udongo, imepakwa vizuri, na kiti cha mbao kiliwekwa mlangoni. Hapo ndipo alipokaa. Asubuhi aliangalia mashariki, na jua lilipomgonga usoni alisema, "Leo nimeona mwanga kidogo," nami nilijua ni joto. Nabintu alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo ya mlango mpaka chooni, naye aliifuata kwa mkono mmoja, mwendo wa mtu anayevuka mto. Zaidi ya kamba ile hakwenda popote, wala kanisani, wala kwa jirani. Hakutaka watu wamzoee hivyo. Shamba likabaki la Nabintu peke yake, na tumbo lake likikua. Alipalilia maharage ameinama upande, akapika, akamwekea maji ya kuoga, akamwekea dawa machoni, moja, mbili, na kila mara aliuliza, "Unaona?" Siku moja nilikuta amemwekea bakuli la bugali na ndakala, wale dagaa wakavu, na yeye Mwalimu akiitafuta mboga kwa vidole juu ya meza, akikosea, akikosea tena. Katika chumba cha mbele pale Kakoba hilo lilikuwa somo la siku ya kwanza: bakuli lina sehemu zake kama uso wa saa, na mtu hufundishwa wapi ni saa sita na wapi ni saa tisa. Lilikuwa jambo la dakika kumi. Nilimtazama akitafuta samaki wake na sikusema kitu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba kama alivyosema, msichana, mzima, mwenye sauti. Nilifika siku ya tano nikiwa na dawa na sabuni. Nabintu alikuwa kitandani amegeukia ukuta, mtoto kifuani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Nilimpongeza. Akaniambia taratibu, kama mtu aliyelifikiri jambo siku nyingi, kwamba bado hajamshika.

"Nitamushika siku nitamuona," alisema. "Baba anamuona mutoto, njo anamupa jina. Nikimushika mu giza ni kama nimekubali giza. Dawa inatumika polepole, dokta alisema. Nitangoja."

"Mwalimu, mutoto hatangoja."

"Weye mwenyewe uliniambia uvumilivu, Solange."

Wiki mbili zikapita, zikawa nne. Mtoto hakuwa na jina. Nabintu alimwita "mama", kama tunavyowaita watoto wa kike tukiwabembeleza, na majirani walimwita katoto. Jumamosi moja, nilipokwenda kwetu kambini, nilikuwa kwenye foleni ya bomba la maji, kitambaa kimenifunika nusu ya uso kwa sababu ya vumbi, na mbele yangu wanawake wawili wa kanisani kwetu walikuwa wamekalia jerikani zao.

"Baba hataki hata kumugusa," alisema mmoja.

"Kuko mambo mule."

"Miaka kumi na moja hakuna, halafu mwanaume anakuwa kipofu, halafu mimba. Weye unafikiri nini?"

"Kipofu haoni sura ya mutoto, lakini anajua kuhesabu miezi."

Wakacheka, si kicheko kikubwa, kile cha puani. Nilisimama pale na jerikani yangu tupu. Mpaka saa ile nilikuwa nimejiambia kwamba uongo wangu ulikuwa kama blanketi, nimemfunika mtu aliyekuwa na baridi. Sasa niliona ulivyokuwa: mwanaume kitini, mwanamke amegeukia ukuta, mtoto bila jina, na uchafu unaotupwa juu ya Nabintu na watu waliokuwa wakimsalimu kwa kumbusu kila Jumapili. Nilitoka kwenye foleni. Nakumbuka niliiacha jerikani yangu palepale, na kwetu jerikani haiachwi.

Nilimkuta Nabintu uani akitwanga majani ya sombe, mtoto amefungwa mgongoni na kichwa chake kikiyumba kwa kila pigo. Mwalimu alikuwa mlangoni. Nilisema niko na neno kwa wote wawili. Nabintu alisimamisha mchi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri yenye utangulizi, yakatoka mengine.

"Mwalimu, mule kwa dokta sikutafsiri yote. Nilitafsiri nusu."

Hakusogea. "Nusu gani ulibakisha?"

"Ile ya muhimu."

"Sema vile alivyosema. Usitengeneze. Sema kama vile yeye."

Nikasema. Nilianza kwa Kiingereza, ambacho hakukijua, kwa sababu niliogopa. Nikasema kwa Kiswahili, presha, mishipa, hataona tena, dawa ya maumivu, pole sana, darasa linaanza wiki ijayo, aingie sasa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie mara ya tatu, na safari hii midomo yake ilienda pamoja na yangu, kama alivyokuwa akikariri kurasa zake zamani. Kuku walikuwa wamekuja kudonoa majani yaliyomwagika na hakuna aliyewafukuza.

Nabintu ndiye aliyesema kwanza. "Miezi sita, Solange. Kila siku nilikuwa namutilia dawa na kumuuliza unaona. Kila siku. Na weye unakuja hapa, unakula chakula yangu, unakubali nikuombee."

"Dada, nilimuhurumia."

"Hapana," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya darasani, kavu, ya kusahihisha. "Hukunihurumia miye. Ulijihurumia weye. Hukutaka kukaa mu chumba kimoja na kilio yangu. Sasa enda. Enda, Solange, utuache tulie."

Nilitoka. Nilikuwa bado kwenye njia ya mihogo niliposikia sauti yake, na sitaiandika hapa ilivyokuwa. Ila nasema kwamba alilia akiwa na mke wake, nyumbani kwake, na kwamba kilio kile kilikuwa haki yake tangu mwezi wa pili.

Yaliyofuata niliyasikia kwa watu. Siku ya tatu, baada ya sala ya nyumbani, alimwomba Nabintu amfungue mtoto mgongoni. Alikaa naye mapajani kuanzia saa tano mpaka jua likapinduka, akimpitia kwa vidole, paji la uso, nyusi, pua, kidevu, vidole vya miguu, akirudia. Alipofika masikioni vidole vilisimama. Akasema, "Haya ni masikio ya mama yangu. Haya yaliyokunjika huku juu. Hakuna mwengine mu dunia alikuwa nayo." Akampa jina la mama yake, Nsimire, na akatuma watu wamwite mchungaji na majirani, pamoja na wale wa bombani, waje wasikie baba akilitamka jina la mtoto wake kwa sauti.

Mimi nilirudi Kakoba nikamwambia Mama Kyomuhendo kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, na uongo wa jikoni pia. Alisikiliza amekunja mikono. Nilitegemea anifukuze. "Mdomo yako naharibika," alisema. "Mdomo napumzika sasa. Mikono nafanya kazi." Akanipa jiko. Tangu mwezi wa nane nilimenya matoke, nilichota maji, nilisugua masufuria, na Alhamisi mkalimani mwingine aliondoka na wagonjwa wakati mimi nikichochea kuni. Mwezi wa tisa gari lilimshusha Mwalimu, na nyuma yake Nabintu na Nsimire. Alikuja kwa darasa.

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alikuwa amekaa kitini miezi mingi mno. Miguu yake ilikuwa imejifunza kamba na haikuamini kitu kingine. Mama Kyomuhendo alimtoa barabarani siku ya pili, pale ambapo boda boda hugeuka bila kuangalia, na mimi niliwatazama kutoka kwenye lango nikiwa na ndoo ya maganda. "Masikio yako nalala, Mwalimu. Amusha yeye! Pikipiki nakuja upande gani?" "Kuume." "Uongo. Sikiza tena." Mwalimu alisimama na jasho likimchirizika, fimbo mbele yake, magari yakimpigia honi, na mara moja akaitupa fimbo chini akasema hawezi. Mama Kyomuhendo akamwambia aiokote mwenyewe. Alipiga magoti kwenye vumbi akaipapasa mpaka akaipata. Mwisho wa mwezi wa kumi alitoka langoni peke yake, akavuka, akanunua mandazi, akavuka tena, na Nabintu aliyekuwa akimchungulia nyuma ya ukuta alikaa chini ghafla kana kwamba ni yeye aliyetembea.

Mimi nilimpa chakula mara tatu kwa siku. Aliniambia asante mara tatu kwa siku. Hakuniambia neno jingine, na sikulitafuta. Watu hupenda kuniuliza kama alinisamehe. Tulifanya kazi katika nyumba ile miaka mingi baadaye, yeye chumba cha mbele na mimi katika ukalimani. Nilikula kwao Krismasi, nilishona gauni la Nsimire la kumaliza shule. Neno la msamaha hakulitamka hata siku moja. Nadhani aliona kwamba mtu aliyepewa maneno nusu asilipe kwa maneno mazuri. Alichonipa kilikuwa kitu kingine, nacho alinipa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja.

Asubuhi ile mkalimani aliamka na malaria, hawezi kuinua kichwa. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, mama mmoja kutoka upande wa Juru kule kambini, mshonaji, aitwaye Mama Esther, mwenye ugonjwa uleule wa Mwalimu. Mama Kyomuhendo alisimama katikati ya jiko akisema tutamrudisha kambini, aje wiki nyingine. Mwalimu alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. "Solange yuko," alisema. Nikasema siwezi. Nikasema mikono yangu ina majivu. "Unawe," akasema. "Nitaingia na ye. Nitakaa ndani."

Tukaingia watu watatu katika kile chumba cha giza, na daktari ni yuleyule. Mwalimu alikaa kando ya Mama Esther, fimbo katikati ya magoti. Taa, kidevu kwenye kibao, jicho la kulia, la kushoto, la kulia tena. Taa ikazimwa. Daktari akavuta kiti. Akasema, na nilikuwa nimeyajua maneno kabla hayajatoka, na safari hii hakuna aliyenikatiza. Mama Esther aligeuza uso kwangu. Alikuwa na mikono ya kazi, kidole kimoja kina alama za sindano.

"Dokta anasema nini, mutoto yangu?"

Nikamwambia presha imeua mishipa. Nikamwambia dawa ni ya maumivu. Akangoja. Akauliza mwenyewe, "Na nitaona tena?"

Nikasema, "Hapana," lakini ilitoka kama pumzi.

"Nini?"

Mwalimu hakugeuka. "Sema kwa sauti, Solange. Asikie."

"Hapana, mama. Hamutaona tena. Dokta anasema pole sana."

Alilia. Tulikaa mle, sote wanne, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Daktari hakuangalia saa, mimi sikuangalia mlango. Ilichukua muda mrefu. Niliona kwamba mtu anaweza kukaa chumba kimoja na kilio cha mwenzake na asife. Halafu Mwalimu akanyoosha mkono akaupata wake, akamwambia, "Mama, miye ni Byamungu. Na mimi niliambiwa hivyohivyo." Mama Esther alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Alinigeukia tena, na sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza jambo analotaka kulijua.

"Na kisha? Dokta alisema kitu ingine. Niliisikia ndefu."

"Anasema kuna darasa," nikamwambia, "pale tunapolala. La fimbo, na la kusoma kwa mikono. Anasema muingie mapema."

"Inaanza lini?"

"Jumatatu," nikasema.

"Basi muniandike."